Ng'ombe wa Mitarakwa na Bei ya Mwaka wa Karantini

Kwetu Gakindu waliniita yule msichana anayehesabu ng'ombe za watu. Mama yangu hakulipenda jina hilo. Alikuwa amenisomesha kwa kahawa, debe baada ya debe, akiamini kwamba siku moja nitaketi katika ofisi yenye pazia, na sasa majirani walikuwa wakimwuliza kama kweli binti yake alisomea uhasibu au alisomea uchungaji. Ofisi nilikuwa nayo, na pazia pia, ila viatu vyangu vilinuka zizi karibu wiki nzima. Nawaambia hayo nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, mkiwa na mashine zinazojumlisha kabla hamjamaliza kufikiri. Kujumlisha hata sisi tuliweza. Shida ilikuwa kujua ujumlishe nini, na hilo halikupatikana mezani.

Kampuni yenyewe nitaiita Mitarakwa, ingawa hilo silo jina lake. Ilikuwa na shamba kubwa njia ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, ng'ombe wa nyama, na kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Mzungu aliyekuwa na shamba hilo aliondoka baada ya uhuru, na watu wa kawaida, walimu, wachuuzi, wajane, wakachanga na kulinunua kwa hisa. Nilipoingia, katika miaka ya sabini, wanahisa wengi walikuwa tayari wazee. Kila mwaka tuliwaandalia taarifa ya hesabu ya kuwaonyesha mali yao ina thamani gani. Wengine hawakujua kuisoma, lakini walikuja mkutanoni wakaikunja vizuri na kuitia mkobani, na jioni waliwapa wajukuu wawasomee.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mhasibu mkuu, Mzee Ndirangu, mtu mwembamba aliyevaa koti la sufi hata jua likiwaka. Mwaka wangu wa kwanza alinipa kazi ya kuandika thamani ya ng'ombe wote. Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni: nikatafuta kila mmoja alinunuliwa kwa bei gani, nikajumlisha, nikapiga mistari miwili chini kwa rula. Nilijivunia sana ile mistari.

Mzee Ndirangu aliisoma karatasi polepole.

"Hii ng'ombe dume ya kwanza, ilinunuliwa lini?"

"Kabla sijaajiriwa, mzee."

"Na wewe mwaka huo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shule."

"Bado unavaa ile yunifomu?"

Akaniambia nijitayarishe, kesho yake tungeenda Karatina, na nije na viatu vya kutembea.

Tulifika sokoni asubuhi. Akanituma niulize bei ya gunia la viazi kwa watu watatu aliowachagua mwenyewe. Wa kwanza alikuwa mama aliyebakiwa na gunia moja, na lori lililomleta lilikuwa limeshawasha injini. Alinitajia bei ya kutupa. Wa pili alikuwa akimwuzia shemeji yake, na bei yao ilikuwa nzuri kwa shemeji, si kwa mtu mwingine. Wa tatu alikuwa katikati ya soko, mahali wauzaji walipopangana na wanunuzi wakapita wakibonyeza viazi, wakiondoka, wakirudi. Hapo bei ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, ikatulia.

"Ukiwa unaandika hesabu ya kampuni, utaandika gani?" akaniuliza.

"Ya huyu wa katikati."

"Kwa nini?"

"Hana haraka, na hauzii ndugu."

Akaridhika. Kisha akaenda moja kwa moja kwa yule mama wa lori akanunua gunia lile kwa bei ya kutupa, nami nikamsaidia kulisukuma hadi kwenye gari. Nilipomtazama alisema, "Kuandika ni kwa kampuni. Kula ni kwangu."

Hiyo ndiyo thamani ya haki, vijana wangu, na kanuni ndefu mnazosoma leo hazijaongeza mengi. Ni bei ambayo ungeipokea ukikiuza kitu leo, katika soko lake la kawaida, kwa mtu anayejua anachokinunua, nanyi wawili mkiwa hamna haraka wala udugu. Yaliyobaki ni kubishana kuhusu maneno hayo moja moja. Nimebishana kuhusu neno "leo" mpaka sauti ikakauka.

Kuna siku tulibishana kuhusu kiwanja. Mitarakwa ilikuwa na kiwanja Nanyuki mjini, karibu na barabara kuu, ambapo tuliweka nyasi kavu na mbwa mmoja mkali. Wakurugenzi walitaka tukiandike kwa thamani ya ghala la nyasi, kwa kuwa ndiyo kazi kiliyokuwa kikifanya. Mzee Ndirangu aliwauliza: mtu akija kukinunua kesho, atanunua kwa ajili ya nyasi? Wote walijua jibu. Angejenga maduka. Basi thamani yake ni ya kiwanja cha maduka, alisema, hata kama sisi tumeamua kumlaza mbwa hapo. Thamani hufuata vile wanunuzi wangekitumia kitu. Uvivu wa mwenye kitu hauipunguzi.

Mwaka mwingine upepo ulivuma upande wa pili. Kampuni ilitaka mkopo benki, na mkurugenzi mmoja akaja ofisini akiwa na furaha: alikuwa amekutana na mwenye bucha wa Kenol ambaye alikuwa akilipa bei ya juu kushinda Nanyuki. Alitaka tuwaandike ng'ombe wote kwa bei ya Kenol. Nikamwuliza ng'ombe watafikaje Kenol. Akasema kwa lori. Nikamwomba atoe gharama ya lori, na uzito ambao ng'ombe hupoteza akisimama njiani siku nzima. Tulipotoa hizo, bei ya Kenol ikawa chini ya ile ya Nanyuki. Na zaidi ya hapo, yule mwenye bucha alihitaji ng'ombe wachache tu kwa wiki, nasi tulikuwa na kundi. Soko lako ni lile unaloweza kulifikia ukiwa na mali yako yote.

Nimeanza na hizo hadithi ndogo ili mwelewe kwamba nilipofika mwaka wa karantini sikuwa mgeni. Mzee Ndirangu alikuwa amestaafu, nami nilikuwa nimekalia kiti chake.

Karantini ilikuja kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ulianzia mashamba ya mbali kidogo na sisi, lakini serikali ilifunga eneo lote. Hakuna ng'ombe kutoka, hakuna kuingia, na soko la mifugo la Nanyuki likafungwa kwa mnyororo. Ng'ombe wetu hawakuugua. Walibaki malishoni wakila, na hapakuwa na mtu wa kuwanunua.

Mwaka huohuo, wanahisa wengi wazee walikuwa wameomba kutoka. Walitaka fedha za hisa zao wakiwa hai, na walikuwa na haki. Bodi ilikubali: kila anayetoka alipwe kulingana na thamani ya mali itakayoandikwa kwenye hesabu za mwaka ule, na hisa zake zichukuliwe na wanahisa watakaobaki na wenye uwezo wa kulipa. Mwenye uwezo mkubwa alikuwa mwenyekiti wetu, Bwana Wachira.

Sitaki mmwone Wachira kama mwizi. Alikuwa mtu wa kazi. Miaka ambayo shamba lilikuwa karibu kuuzwa, yeye ndiye aliyesimama mbele ya benki, akaweka hata shamba lake mwenyewe rehani. Alijiona kama aliyeibeba Mitarakwa mgongoni, na kusema kweli aliibeba. Lakini mtu aliyebeba kitu muda mrefu huanza kuamini ni chake.

Aliniita ofisini kwake. Tulikuwa tukizungumza kwa heshima sikuzote. Aliniita Mama Wangari kwa jina la mtoto wangu wa kwanza.

"Mama Wangari, hesabu ya ng'ombe mwaka huu itakuwa rahisi," alisema. "Jirani yetu Baba Muthoni ameuza ng'ombe zake zote juzi. Ni aina moja na zetu. Bei ndiyo hii." Akaniandikia bei pembeni ya gazeti. Haikufika nusu ya ile ya mwaka uliopita.

"Ni bei ya chini sana, Mwenyekiti."

"Ni bei ya leo. Si wewe na Mzee Ndirangu mlituambia kila mwaka ni bei ya leo? Mimi nafuata mafundisho yenu."

Ilinibidi nikiri moyoni kwamba alikuwa amenishika vizuri. Nikamwambia nitaiangalia.

"Iangalie," alisema. "Lakini mkutano uko karibu. Na Mama Wangari, siku hizi kuna vijana wengi wenye vyeti." Aliyasema kwa upole, akinifungulia mlango.

Nilikuwa na watoto wawili katika shule ya bweni mwaka ule. Nilifika nyumbani nikachemsha chai nikaisahau jikoni. Lakini nawaambia ukweli, hofu yangu haikuwa kubwa kama mnavyodhani. Nilikuwa nikijua kitu cha kufanya, na mtu anayejua kitu cha kufanya huwa na nafasi ndogo ya hofu. Kulipopambazuka nilipanda gari la kampuni nikaenda kumtafuta Baba Muthoni.

Nilimkuta akifunga magodoro kwenye mkokoteni. Shamba lile alikuwa amelikodi, na muda wa kukodi ulikuwa umekwisha. Mwenye shamba alimtaka atoke kabla ya mwisho wa mwezi. Katika mwaka wa kawaida angewaswaga ng'ombe wake hadi shamba lingine nje ya eneo. Mwaka ule karantini ilimzuia.

"Ningefanya nini?" aliniambia. "Niko na ng'ombe na sina majani. Mtu wa hapa ndani ya karantini akaja na pesa kidogo, nikamwambia chukua."

"Kama ungekuwa na majani ungeuza?"

"Kwa hiyo bei? Afadhali ningewalisha ugali."

Yule alikuwa sawa na mama wa lori wa pale Karatina, ila amevaa suruali. Bei yake ilikuwa ya kweli, fedha zilitolewa, lakini ilikuwa bei ya mtu aliyefukuzwa. Haikuweza kunipa thamani ya ng'ombe wa kampuni yenye majani ya kutosha na isiyofukuzwa na mtu yeyote.

Hapo wengi wenu mngepumzika. Mngesema, basi, nitaandika ile bei ya mwisho kabla soko halijafungwa. Hiyo nayo ingekuwa uongo, tena uongo mtamu, kwa sababu ungewapendeza wazee. Karantini ilikuwepo. Mtu yeyote anayenunua ng'ombe siku ile angenunua ng'ombe ambaye hawezi kumtoa nje ya eneo, na angedai punguzo. Swali lilikuwa punguzo kiasi gani, kwa mnunuzi asiye na haraka, kutoka kwa muuzaji asiye na haraka.

Niliendelea hadi Nanyuki kwa Haji Roba. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe, ambaye kwa miaka mingi alinunua sehemu kubwa ya ng'ombe wetu na kutulalamikia kila mara kwamba tunamkaba. Alikuwa ameketi nje ya duka lake mkabala na soko lililofungwa, na wenzake wawili, wakinywa chai ya maziwa na kulitazama geti.

"Haji, habari ya soko?"

"Ng'ombe hana ugonjwa, soko ndiyo mgonjwa," alisema, akaagiza nami niletewe chai.

Nikamwambia nilichotaka. Sikuwa nikiuza. Nilitaka kujua, kama ningekuwa nauza, yeye angelipa nini leo, ng'ombe wakibaki kwetu mpaka karantini iondolewe.

Alicheka na wenzake. "Sasa wahasibu wanauliza bei ya ng'ombe wasiouza."

"Ndiyo kazi yangu, Haji."

"Basi sikiza. Nachukua bei ile ya mwisho tuliyouziana. Natoa majani na chumvi na mchungaji mpaka geti ifunguke. Natoa wale watakufa, maana Mungu pia ana hisa yake. Na pesa yangu italala hapo bila kuzaa, hiyo pia natoa."

"Unafikiri geti itafunguka lini?"

Aliwageukia wale wawili. Wenzake nao walianza kubishana, mmoja akisema karibu na mvua, mwingine akisema baadaye. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza. Ule ubishi wao ulinifaa kuliko jibu moja, kwa sababu hivyo ndivyo bei hutokea, watu wanaojua wakibishana huku kila mmoja akihatarisha chake.

Sikumwamini Haji peke yake. Mnunuzi ni mnunuzi, na hata katika mchezo wa kuuliza atavutia kwake. Nikapita kwa mfugaji mmoja mkubwa wa ndani ya karantini, upande wa Naro Moru, aliyekuwa na majani mengi na ng'ombe wachache, nikamwuliza vilevile. Yeye alikuwa tayari kulipa zaidi ya Haji, kwa sababu majani yake yangepotea bure. Nikawauliza wenye bucha wa Nyeri. Mwishoni nilikuwa na majibu yasiyolingana lakini yaliyokaribiana, yote yakiwa juu sana ya bei ya Baba Muthoni na chini ya bei ya mwaka uliopita. Nikachagua mahali nilipoweza kusimama, nikaeleza kwa maandishi nilivyofika hapo: nilimwuliza nani, nilitoa nini, nilikisia nini. Kukisia si aibu katika kazi hii. Aibu ni kukisia halafu ukajifanya hukukisia.

Kwenye kikao cha bodi Wachira alizisoma kurasa zangu zote. Hakuwa mtu wa kuruka mistari.

"Unasema hiyo mauzo ya Baba Muthoni si mauzo?"

"Ni mauzo, Mwenyekiti. Lakini aliuza kwa kufukuzwa."

"Mama Wangari, wewe ni mhasibu, si mfugaji. Ng'ombe ni ile pesa mtu ametoa. Hawa watu wako wa chai hawajatoa hata senti."

Lilikuwa jambo la maana, na wakurugenzi wengine walitikisa vichwa kukubaliana naye. Nikasema, "Nakubali. Kama kungekuwa na mauzo ya kawaida, ningeyafuata na kuwaacha watu wa chai. Hakuna. Naomba nikuulize, Mwenyekiti. Na wewe uko na ng'ombe kwako nyumbani, na uko na majani. Mtu akija leo na bei ya Baba Muthoni, utamwuzia?"

"Ng'ombe zangu ni zangu."

"Ndiyo. Utamwuzia?"

Mkurugenzi mmoja mzee, ambaye kwa kawaida alilala katika vikao, akasema bila kufungua macho vizuri, "Hawezi. Namjua."

Watu walicheka, na Wachira mwenyewe akatabasamu kidogo, lakini kwa upande mmoja tu wa mdomo. Alisema hesabu zitakwenda kwa mkaguzi wa nje, tuone. Mkaguzi alikuja kutoka Nyeri, akaniuliza maswali magumu kuhusu yale niliyokisia, akanishusha kidogo kwenye makisio ya vifo, na nilimpa haki yake maana alikuwa na sababu. Kisha akatia sahihi.

Nilidhani vita vimekwisha. Kumbe upande wa pili ulikuwa unanisubiri kwenye mkutano wa wanahisa.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa karibu na shamba. Baada ya sala, nilisimama nikawaeleza hesabu. Nilipofika kwenye ng'ombe, ajuza mmoja, Cucu Nyaguthii, yaani Bibi Nyaguthii kwa lugha yetu, alinyanyua mkono. Alikuwa mmoja wa waliochanga mwanzo kabisa, na alikuwa ameomba kutoka.

"Mwaka jana wewe mwenyewe ulisimama hapo ukatuambia ng'ombe zetu ni za bei fulani," alisema. "Mwaka huu ati zimepungua. Zimekufa?"

"Hapana, cucu. Zimezaa hata."

"Basi ni nani amekula?"

Wachira aliniangalia, na nilijua anachofikiri: niliwatetea, na sasa watanila mimi. Ningeweza kusema serikali, ningeweza kusema ugonjwa, wakaondoka wakinung'unika. Nilishuka jukwaani nikaenda kusimama karibu na kiti cha Cucu, kwa sababu sikutaka kumpigia kelele mtu wa umri ule.

"Cucu, wewe ni wa kuuza kahawa kama mama yangu," nilimwambia. "Ukiwa na gunia la kahawa nzuri, na barabara imekatika na mvua, mtu akija hapo kwako kununua atakupa bei ya barabara nzuri?"

"Hapana. Atasema yeye ndiye atalala na hiyo kahawa."

"Kahawa imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Na utamwuzia kwa bei ya kutupa?"

"Kwa nini? Nina paa. Nitangoja."

"Hivyo ndivyo nimefanya na ng'ombe. Kuna aliyetaka niandike bei ya kutupa, na sikuandika. Na kuna anayetaka niandike bei ya barabara nzuri, na hiyo pia siwezi. Hii ni bei ya mtu mwenye paa, siku barabara imekatika. Kama unaweza kungoja, ngoja, hisa ni zako. Kama unahitaji kutoka leo, hujaibiwa."

Alifikiria. Wengine nao walianza kuulizana chini kwa chini, kila mmoja akipima shida yake. Mwishoni Cucu Nyaguthii alisema atatoka. Binti yake alikuwa ameolewa Mwea, na alitaka kumfungulia biashara ya mchele pale Wang'uru angali na macho ya kumwona akiiendesha. Wengi walitoka, wengine wakaamua kubaki. Hakuna aliyeondoka akinishukuru. Msitegemee shukrani katika kazi hii. Mkiona pande zote mbili zimenuna kidogo, mnaweza kuanza kutumaini kwamba mmepima sawasawa.

Wachira alilipa. Alilipa zaidi ya alivyopanga, na kwa hivyo alichukua hisa chache kuliko alivyotaka.

Kisha karantini ikaondolewa. Mnajua kilichotokea? Geti la Nanyuki lilipofunguliwa, kila mfugaji alileta ng'ombe wake wiki ileile. Soko likafurika, na bei ikaanguka hata chini ya ile niliyoandika. Haji Roba alikuwa akichagua ng'ombe kama mtu anayechagua nyanya.

Wachira alikuja ofisini kwangu, hakuniita kwake. Akaketi.

"Umeona? Nilinunua hisa kwa bei yako, na soko limefunguka chini ya bei yako. Umenitia hasara, Mama Wangari."

"Nimeona, Mwenyekiti."

"Kwa hivyo ulikosea."

"Hapana. Siku ile hakuna aliyejua kwamba wote watakuja pamoja. Hata Haji hakujua. Hata wewe. Nilipima kwa vile watu wenye akili walijua siku ile. Kama ningekuwa najua bei ya kesho, singekuwa nimeajiriwa hapa."

"Na kama ingepanda?"

"Ungenunua shati jipya kwa faida hiyo, na Cucu Nyaguthii ndiye angekuja kuniambia nilikosea. Na yeye ningemjibu hivihivi."

Alikaa kidogo akitazama nje, malishoni, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Baada ya miezi soko lilitulia, bei ikapanda tena, na yeye akapata faida yake kama alivyostahili kwa kungoja. Sikumkumbusha. Wale vijana wenye vyeti hawakuja.

Nalitilia mkazo hilo kwa sababu ndilo linalowavunja wahasibu wachanga. Unapima leo, kesho dunia inageuka, na watu wanakuja na bei ya kesho kukuhukumu kwa kazi ya jana. Kama ulificha ulichojua, wana haki. Kama ulitumia kila kitu kilichoweza kujulikana na ukakiandika waziwazi, simama wima na uwaagizie chai.

Niliendelea na Mitarakwa miaka mingi baada ya hapo. Tuliuza kile kiwanja cha Nanyuki, na sasa kuna maduka pale. Kanuni mpya zilikuja, nene, zikieleza jinsi ya kupima wanyama na miti inayokua, na ofisini nilikuwa nikizisoma huku nikisema, hii naijua, hii pia naijua, hii wameieleza vizuri kuliko mimi.

Uzee haukumwacha Bwana Wachira. Macho yalipopungua aliamua naye atoke kwenye kampuni, na watoto wake wawili wakawa hawaelewani kuhusu hisa zake. Mmoja alitaka kuzinunua, mwingine alitaka ziuzwe nje. Walihitaji mtu wa kupima thamani. Walimletea majina ya wapimaji wa Nairobi, kampuni kubwa zenye majina marefu. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, niko kwangu na kuku wangu.

Kijana wake wa kwanza ndiye aliyenijia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaona aibu kidogo kuniambia kilichomleta.

"Mzee amekataa hao wote," alisema. "Amesema atatia sahihi bei ya mtu mmoja tu. Amesema tumletee yule mama aliyemkatalia."

Nikaenda ndani kutafuta viatu vya kutembea zizini.